Fedha Zilizozuiliwa: Mazungumzo Mbele ya Mkutano wa Ukoo, Leicester, 2024



Kamati imeniomba nieleze habari ya zile pauni 1,140 za matibabu ya dada yangu mkubwa wa Tanga, ambaye wengi wenu mwamwita Shangazi. Nafahamu kwamba habari hiyo imekwisha kusimuliwa majumbani kwa namna nyingi, na kwamba katika baadhi ya masimulizi hayo fedha zililiwa. Hazikuliwa. Zilizuiliwa na kampuni moja ya kutuma fedha kwa muda wa siku 49, kisha zikarudi zote. Sitaitaja kampuni hiyo, kwa kuwa shabaha yangu si kuishitaki humu ukumbini. Shauri lake limekwisha. Nataka tufahamu ni kwa nini fedha za namna hii huzuiliwa, na hutolewa kwa njia gani, maana hapana hata nyumba moja miongoni mwetu isiyotuma chochote nyumbani mwisho wa mwezi.

Wazee wanakumbuka jinsi tulivyokuwa tukituma zamani. Bahasha alipewa msafiri, ikashonewa ndani ya bitana ya koti, na jina la mpokeaji likaandikwa kwa herufi kubwa pamoja na jina la mtaa na la mwenye duka la jirani. Mambo yalibadilika Machi 2007, Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaifikisha Tanzania. Yafaa ikumbukwe kwamba majaribio ya awali ya mpango ule yaligharimiwa na Vodafone, kampuni iliyokulia hapa Newbury, pamoja na wizara ya misaada ya serikali ya Uingereza. Tangu hapo kutuma kumekuwa ni kubonyeza tu. Lakini kubonyeza huko kunaficha safari ndefu. Fedha hutoka katika benki ya mtumaji, zikaingia kwa kampuni ya kutuma iliyopo hapa, kampuni hiyo ikazikabidhi kwa mshirika wake, naye mshirika akazifikisha kwa kampuni ya simu ya kule, ndipo laini ya mpokeaji ipate ujumbe. Zikikwama, jambo la kwanza la kujua ni kwamba zimekwama katika kituo gani.

Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, Shangazi alikuwa amekwisha kulala hospitali siku tatu kwa kuvunjika nyonga. Hospitali ilitaka vyuma vya kuungia mfupa vilipiwe kabla ya upasuaji. Watu 19 wa ukoo huu walichanga pauni 60 kila mmoja. Zote zikakusanywa katika akaunti ya mtoto wa kaka yangu, kijana wetu wa Derby, naye akazituma jioni ile ile, kwa programu ya simu, kwenda kwenye laini ya binti yetu anayemuuguza Shangazi. Programu ikamwandikia kwamba malipo yanakaguliwa. Neno hilo lilikaa pale wiki saba.

Siku nne za mwanzo jamaa zetu wa Tanga walizipoteza wakizunguka kwa mawakala na katika duka la kampuni ya simu, wakaambiwa kila mara kwamba hakuna kitu. Walikuwa wakiambiwa kweli. Fedha zinapofika kwa kampuni ya simu ya kule huwa na namba ya kumbukumbu ya upande ule, na mtumaji aweza kuiomba. Zetu hazikuwa na namba hiyo, maana yake hazikuwa zimetoka Uingereza. Tanzania nako ziko Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, ambazo humtaka mtu alalamike kwanza kwa mtoa huduma kabla ya kwenda Benki Kuu. Lakini hayo ni ya fedha zilizokwisha vuka bahari.

Kwa nini zilizuiliwa? Kampuni haikutuambia moja kwa moja, na nitaeleza baadaye kwamba huenda haikuruhusiwa kutuambia. Hata hivyo, maswali iliyouliza yalionyesha ilikuwa ikitazama nini, nami nitayakalia kidogo maana yanatuhusu sisi hasa, watu wa pwani na majina yetu.

Kila jina linalopita katika kampuni hizi hulinganishwa na orodha za vikwazo, ya Umoja wa Mataifa na ya serikali ya Uingereza. Kulinganisha huko hufanywa na mashine, na mashine haijui kwamba Saidi, Said na Saeed ni watu elfu mbalimbali katika kila mji kuanzia Lamu hadi Lindi. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Pasipoti ya Uingereza imetulazimisha tuchague moja liwe la ukoo, na ndugu wawili wa tumbo moja walioingia nchi hii kwa miaka tofauti wana majina ya ukoo tofauti. Mohamedi wa kitambulisho cha Tanzania ni Mohammed wa Birmingham na Muhammad wa Muscat. Juu ya hayo yapo majina ya nyumbani. Binti yetu wa Tanga sote twamjua kwa jina la utotoni, na kijana wetu alipomwandika katika programu miaka mitano iliyopita alimwandika kwa jina hilo hilo, ambalo sote tulikuwa tumempa. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, yenye majina matatu, na hakuna hata moja lililofanana na lile la kwenye programu. Kwetu ni binti mmoja. Kwa mkaguzi aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta, fedha zatumwa kwa mtu fulani na kupokelewa na mwingine.

Kisha wakaomba ushahidi wa chanzo cha fedha. Kijana wetu akatoa taarifa ya benki yake ya mwezi ule, nami niliisoma mstari kwa mstari, kwa sababu nimefanya ukarani wa mishahara katika mji huu miaka 22 na macho yangu yamezoea mambo hayo. Niliona miamala 18 ya pauni sitini sitini, iliyoingia katika muda wa siku mbili kutoka kwa watu wenye majina ya ukoo kumi na moja tofauti, kisha jumla yake ikatoka kwa mkupuo mmoja kwenda nje ya nchi. Katika nafasi ya maelezo mmoja alikuwa ameandika "mguu", mwingine "pole", wa tatu "deni", na wa nne ameweka alama ya moyo. Ndugu zangu, mwenzenu aliyeandika "deni" nakuomba utuambie siku moja ulikuwa na maana gani. Anayetafuta fedha haramu amefundishwa kutafuta sura kama hiyo: viingilio vingi vidogo, mlango mmoja wa kutokea.

Sheria ya nchi hii ya mwaka 2002 kuhusu mapato ya uhalifu, Proceeds of Crime Act, huilazimisha kampuni kutoa taarifa kwa wakuu inapokuwa na shaka, na humfanya karani atendaye kosa la jinai akimwonya mteja kwamba taarifa hiyo imetolewa. Kampuni ikiomba idhini ya kuendelea na malipo, wakuu wana siku saba za kazi za kujibu. Wakikataa, malipo husimama siku 31 nyingine, na mahakama yaweza kurefusha zaidi. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwetu. Nasema kwamba yule binti wa kwenye simu, ambaye kila ukimwuliza sababu hurudia sentensi ile ile kama kasuku, yawezekana hajui lolote, na yawezekana anajua na akisema atafungwa. Kijana wetu alimpigia yeye na wenzake mara kumi na moja. Mara kumi na moja alieleza kisa chote kutoka mwanzo, kwa mtu mpya, na hapakuwa na hata herufi moja iliyoandikwa.

Nilipomweleza habari ya sheria hiyo alidhani naitetea kampuni. Sikuitetea. Sheria yaweza kumlazimisha karani anyamaze, lakini haimpi mwajiri wake ruhusa ya kulitia faili kabatini na kwenda zake. Kampuni inapokataa kutekeleza malipo yapaswa kumwarifu mteja, na kumpa sababu pamoja na njia ya kurekebisha kasoro, isipokuwa pale sheria inapoikataza. Na malalamiko yakishafika kwa maandishi, saa huanza kuhesabu.

Hapo ndipo tulipoacha simu tukashika kalamu. Tarehe 20 Februari tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukaipeleka si kwa huduma ya wateja bali kwa anwani ya malalamiko, ambayo kila kampuni ya namna hii hutakiwa kuitangaza na mara nyingi huifukia chini kabisa. Juu yake tuliandika kwamba haya ni malalamiko rasmi. Tulitaja namba ya muamala, tarehe, kiasi, kila hati waliyoomba na siku tuliyoipeleka. Tuliambatanisha barua ya hospitali, nakala ya kitambulisho cha binti yetu, maelezo ya mistari mitatu kuhusu jina lake la nyumbani, na orodha ya wachangaji 19 pamoja na uhusiano wa kila mmoja na mgonjwa. Tukaomba mojawapo ya mambo matatu: walipe, au warudishe, au waseme kwa maandishi kwamba sheria inawazuia kufanya lolote kati ya hayo. Barua nzima haikuwa na neno moja la hasira. Kijana alikuwa ameandika rasimu yake yenye mengi ya aina hiyo, tukaihifadhi.

Orodha ile ya wachangaji ilitugharimu siku tano kuliko barua yenyewe. Watu wanne walikataa majina yao yasipelekwe. Mmoja alisema yeye alitoa sadaka na sadaka haitangazwi. Hoja yake naiheshimu, lakini mwishowe alikubali. Mwingine alihofia kodi, jambo ambalo halina msingi kwa mchango wa pauni sitini.

Kwa malalamiko ya huduma za malipo, kampuni hapa Uingereza ina siku 15 za kazi za kutoa jibu la mwisho. Ikiwa kuna jambo la nje ya uwezo wake hutakiwa kuandika kueleza sababu za kukawia, na hata hivyo isipite siku 35 za kazi. Jibu letu lilifika tarehe 10 Machi, siku ya 14. Lilisema kwamba ukaguzi umekwisha, akaunti ya kijana itafungwa, na fedha zitarudishwa "kwa wakati unaofaa". Hapakuwa na tarehe. Chini yake, kwa kuwa sheria huwalazimisha, walikuwa wametaja Financial Ombudsman Service, ofisi huru inayosuluhisha ugomvi baina ya wateja na makampuni ya fedha. Ofisi hiyo haimtozi mteja hata senti, na mteja hupewa miezi sita tangu jibu la mwisho kupeleka shauri lake.

Hatukungoja hiyo miezi sita. Tarehe 14 Machi shauri lilikuwa limekwisha kupelekwa, pamoja na karatasi zile zile kwa mpangilio ule ule, na kwa jina la kijana wetu peke yake. Jambo hilo liliwauma baadhi ya wachangaji waliotaka kujiunga. Lakini mteja wa kampuni alikuwa yeye. Fedha ziwe za watu 19 au za watu mia, mbele ya kampuni na mbele ya msuluhishi mwenye sauti ni yule ambaye akaunti ina jina lake. Ofisi ile huwa haiikatazi kampuni kukagua. Hutazama kama imekagua kwa haki na bila kukawia kupita kiasi. Kwetu haikufika hata kutoa uamuzi. Mchunguzi aliiandikia kampuni kutaka maelezo, na tarehe 30 Machi pauni 1,140 zilirudi katika benki ya kijana, pamoja na pauni 50 za usumbufu. Yupo aliyeuliza kama hizo hamsini zitagawanywa kwa 19. Nitamjibu faragha.

Na Shangazi? Aliokolewa na dada yetu wa Muscat, ambaye tarehe 17 Februari alikwenda kwenye duka la kubadilisha fedha na kutuma kiasi kizima kutoka mfukoni mwake. Alipasuliwa kesho yake, baada ya kulala siku 12 mguu ukivutwa kwa uzito. Daktari alisema kukawia kule hakukumfaa. Leo atembea kwa mkongojo, ngazi hapandi, na chumba chake kimehamishiwa chini. Fedha zilizorudi alilipwa dada yetu wa Muscat, na risiti iko kwa mweka hazina kwa yeyote anayetaka kuiona.

Nyinyi wa Marekani mambo yenu ni tofauti kidogo. Huko iko kanuni ya shirikisho, iliyoanza kutumika Oktoba 2013, inayompa mtumaji siku 180 za kutoa taarifa ya kosa tangu siku ambayo fedha ziliahidiwa kufika, nayo kampuni hupewa siku 90 za kuchunguza. Pia mwaweza kufuta malipo ndani ya nusu saa ya kuyalipia ikiwa hayajachukuliwa. Risiti mnayopewa ndiyo inayoeleza hayo, basi msiitupe. Wa Oman, mashauri yenu huanzia katika duka lenyewe, ambalo lina leseni ya Benki Kuu ya Oman.

Tangu habari hii itokee nimesikia shauri za namna mbili ambazo sikubaliani nazo. Ya kwanza ni kwamba siku nyingine tugawanye fedha katika mafungu madogo madogo, zipite bila kuonekana. Zitaonekana. Kugawanya kwa makusudi ni dalili ile ile wanayoitafuta, na safari hiyo hatutakuwa na maelezo mema ya kutoa. Ya pili ni kwamba tumrudie yule bwana anayepokea fedha taslimu dukani kwake na ndugu yake akazilipa kule kwa simu moja tu. Simjui kwa ubaya. Lakini kampuni yoyote inayotuma fedha kutoka nchi hii sharti iwemo katika daftari la Financial Conduct Authority, ambalo mtu yeyote aweza kulitazama bure, na huyo bwana hayumo. Siku ya kukwama tutamlalamikia nani? Hata miongoni mwa waliomo daftarini kuna tofauti: waliopewa idhini kamili hulazimika kutenga fedha za wateja mbali na zao wenyewe, na wale wadogo waliosajiliwa tu hawalazimiki. Aidha, ule mfuko unaowafidia wateja wa benki iliyofilisika hauwagusi wateja wa kampuni hizi. Tazameni kwanza, ndipo mchague.

Bwana Mwenyekiti, nimebakiza jambo ambalo halimo katika sheria yoyote. Katika siku 49 zile, kijana wetu aliitwa mwizi. Hakuitwa hivyo usoni. Aliulizwa katika kikundi chetu cha simu, mbele ya watu zaidi ya mia, kama kweli alituma. Akaonyesha picha ya muamala. Akaambiwa picha hutengenezwa. Mtu mmoja mzima, ambaye leo yumo humu, alimpigia simu mama yake Tanga akamwuliza kama mwanawe ana madeni. Mama yule alikuwa ndiye anayepeleka uji hospitali kila asubuhi. Fedha ziliporudi kikundi kilijaa dua na shukrani, na hapana aliyerudi nyuma kulifuta lile swali la kwanza. Kijana leo hayupo. Amesema ana zamu ya kazi, nami sina sababu ya kutomsadiki, ila amekwisha kuniarifu kwamba hatapokea tena mchango wa mtu. Miaka sita alitukusanyia, misiba minne na harusi mbili, na daftari lake halikuwahi kupungua hata pauni moja. Waliosema wanajijua. Namba yake hawajaipoteza.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili mchana huu. Mosi, jumuiya ifungue akaunti yake yenyewe, ya aina ambayo benki hutoa kwa vyama, iwe na katiba iliyoandikwa na watia saini wawili, ili michango isipite tena katika mfuko wa mtu mmoja. Itachukua wiki kadhaa na benki itauliza maswali mengi, nimekubali kuyajibu. Pili, katibu atunze daftari la majina: la kila mtumaji kama lilivyo katika pasipoti, na la kila mpokeaji wetu kule kama lilivyo katika kitambulisho cha taifa na katika usajili wa laini yake, pamoja na jina la nyumbani pembeni.

Karatasi za kujaza ziko meza ya nyuma, kando ya birika la chai. Wenye jamaa Pemba, Mombasa na Kigoma wapigieni leo hii kabla hawajalala, wawasomee kitambulisho herufi kwa herufi. Kule sasa inakaribia saa mbili usiku. Kura ya akaunti itapigwa baada ya chakula.